Springi za Pickup ya Mwalimu

Vijana wa yadi, mwezi uliopita mliponinunulia soda na keki mkasema eti nimestaafu, nilicheka moyoni. Katika jua kali mtu hastaafu. Bega hukataa nyundo, masikio hukataa wateja, na siku moja unajikuta umeketi nyumbani, mtaa wa Pioneer hapa Eldoret, ukisikiliza boda boda bila kujua ipi iko karibu na ipi iko mbali. Mliniomba niandike machache kuhusu kazi ya springi kabla sijasahau. Nimeanza mara tatu katika daftari la mjukuu wangu, na mara zote tatu nimejikuta naandika juu ya gari moja tu. Nitaanzia mbali kidogo ili mnielewe, lakini ni vizuri mjue mapema ninakoelekea. Kuna mama mmoja ambaye nilimuumiza kwa miezi mingi, na nilimuumiza kwa kazi safi kabisa, isiyo na kasoro.

Siku yangu ya kwanza kwa Mzee Tirop, aliyenifundisha kazi hii, sikushika nyundo. Alinipa tochi, akanionyesha pickup iliyokuwa juu ya jeki, akasema, "Ingia chini, Macharia. Ukitoka uniambie mwenyewe anabeba nini."

Nilikaa huko chini karibu saa nzima. Nilipotoka nilikuwa na vumbi hadi kwenye ulimi, na jibu langu lilikuwa kwamba mwenyewe anabeba mzigo. Mzee Tirop alinitazama kwa huruma, akaniingiza tena chini, safari hii pamoja naye, yeye na tumbo lake. Akanionyesha punje za mahindi zilizonasa kwenye maungio ya bodi, na nyingine zilizokuwa zimeanza kuota. Akanionyesha mahali bamba la nyuma lilipobonyea kwa ndani, upana wa pembe ya ng'ombe. Akaninusisha chuma, nikasikia maziwa yaliyochacha. "Huyu atakuambia anapeleka watoto shule," akasema. Mwenye gari alipokuja jioni na kuulizwa anabeba nini, alisema anapeleka watoto shule.

Kwa wale watakaosoma na hawajawahi kuingia yadi, springi ya nyuma ya pickup ni mabamba ya chuma yaliyopindwa na kupangwa, refu juu, fupi chini, yakafungwa pamoja kwa bolti. Kila bamba sisi tunaliita leaf. Ukiongeza leaf, gari hubeba zaidi na hukaa juu. Likiwa tupu, hata hivyo, huruka kwenye kila jiwe, na anayelia ni kiuno cha dereva. Hiyo ndiyo kazi yote. Yaliyobaki ni kujua uongeze ngapi, na hapo ndipo watu huzeeka.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na kipande cha reli badala ya fuawe, mvukuto wa kusukuma kwa mkono ambao baadaye tuliubadilisha na feni ya umeme, pipa la oili chafu la kuzimia chuma, na chaki. Chaki naitaja kwa makusudi. Mzee Tirop alichora upinde wa springi kwenye sakafu ya simiti, kisha akapiga chuma hadi kikalala juu ya mstari bila kuacha mwanga chini yake. Nyinyi siku hizi mnapima kwa jicho halafu mnaniambia iko sawa. Haiko sawa, hata kama mimi siko tena hapo kuwaambia.

Miaka ile nilijifunza kwamba hakuna mwenye pickup anayesema kweli juu ya mzigo wake. Pasta mmoja alituambia anabeba Biblia. Ilibidi ziwe Biblia zinazovaa viatu, maana bodi yake ilijaa alama za visigino kutoka upande hadi upande, kwaya nzima. Kijana mmoja mkimbiaji, aliyekuwa ametoka mbio za ng'ambo na double cabin mpya, alisema, "Mzee, nataka nyuma ikae juu, ikae fiti. Si unajua, wasee wajue nimefika." Nyuma ya gari lake palikuwa safi kama sahani. Baada ya mwaka mzima nilikuta alama moja tu ya kazi, kinyesi cha kondoo aliyepelekwa kwa wakwe akiwa amelazwa juu ya zulia. Wenye magari makubwa ya kujionyesha husema wanabeba mengi, na wenye kubeba mengi husema hawabebi kitu. Karibu kila pickup ya Uasin Gishu, iwe ya nani, imewahi kubeba jeneza, na hilo hakuna aliyewahi kulitaja kwenye benchi yetu ya wateja.

Kisha likaja gari la mzee wa viazi kutoka Timboroa. Mzee Tirop alikuwa amesafiri siku hiyo na mimi nilikuwa nimebaki na yadi, kifua mbele. Nilimuuliza mzee anabeba gunia ngapi. Akasema, "Ni kumi tu, kijana, siku ikiwa nzuri sana." Alikuwa na uso wa kanisani. Nikamfungia springi za gunia kumi.

Wiki iliyofuata akapakia ishirini na mbili, zile za kujazwa kupita mdomo na kufungwa kichwa kwa kamba, akaanza kuteremka. Springi ya kulia ilikatika kwenye kona, bodi ikakalia gurudumu, gari likalala mtaroni. Mzee alivunjika mkono. Viazi vilisambaa barabarani, na wasamaria waliofika kwanza walivisaidia viazi kabla ya kumsaidia yeye.

Mzee Tirop aliporudi alinipa ile leaf iliyokatika niishike. Mnajua chuma kilichoanza kupasuka zamani huwa na kutu ndani ya ufa. Hiki kilikuwa kinang'aa chote. Kilikatika kwa siku moja, kwa mzigo mmoja. "Haikuwa mbaya," akaniambia. "Ilikuwa kidogo. Mtu akikuambia kumi, wewe sikia ishirini. Usibishane na yeye. Funga tu."

Nililishika neno hilo kuliko nilivyoshika mengine yote aliyonifundisha. Mzee Tirop alipokufa na yadi ikabaki mikononi mwangu, ndilo lililonipa jina. Watu waliniita Fundi Dabo. Mteja akitaja mzigo wake, mimi nilizidisha mara mbili kimyakimya, na magari yangu hayakukatika springi, si Timboroa, si kwingineko. Nilijivunia jambo hilo, siwafichi. Nilifika mahali ambapo sikuwa nikisikiliza jibu kabisa. Niliuliza, "Unabebanga nini?" kama vile mtu anavyosalimia, kisha nikachungulia chini ya gari, nikamwambia mwenyewe maisha yake mbele ya watu wote. Benchi ya wateja ilikuwa pale pale kando ya shimo, kwenye kivuli, na wengine walikuja hata gari likiwa zima, waje tu wacheke. Nilikuwa na mdomo, na benchi iliulisha.

Mwalimu Kosgei alifika asubuhi moja, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, na bado alivaa koti na kalamu mfukoni. Shamba lake lilikuwa ndani ndani, kati ya Timboroa na Plateau, barabara ya murram tupu, bila lami. Pickup ilikuwa kuukuu, ya kichwa kimoja, aliyoinunua kwa mtu wa mbao, na mtu wa mbao alikuwa ameishindilia leaf mpaka matako yake yakaangalia mbinguni.

"Fundi," akasema, "naomba unipunguzie hizi springi. Gari inaruka sana."

"Unabebanga nini, Mwalimu?"

Aliwatazama wanaume watatu waliokuwa kwenye benchi, kisha akanitazama. "Mzigo mwepesi tu."

"Mwepesi kama nini?"

"Mwepesi. Lakini nataka iende smooth, isitikise."

"Kwani unabeba mayai?"

Benchi ikaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo, akashika kalamu yake mfukoni kama anayehakikisha ipo. "Karibu hivyo," akasema.

Mimi niliyasikia maneno mzigo mwepesi kwa masikio ya Fundi Dabo. Nilijua leaf zikipungua atapakia viazi, gari likatike mgongo, kisha jina langu liende naye mtaroni. Basi nikafanya kile ambacho mafundi wengi hufanya na hawaandiki. Niliondoa leaf ile fupi kabisa ya chini, ambayo hata isingekuwepo gari lisingejua, nikamwonyesha mkononi ili aridhike. Zilizobaki nikazirudishia upinde vizuri juu ya mstari wa chaki, nikazifunga. Alinishukuru, akaondoka. Alipopita kwenye tuta la lango niliona gari likiruka kama lilivyokuja, na nikasema moyoni kwamba siku moja atanishukuru.

Baada ya miezi miwili hivi alirudi. Alikuwa amekonda. Hilo naliona sasa. Siku ile niliona gari tu.

"Fundi, bado. Bado inaruka."

Nikaingia chini. Springi zilionyesha kwamba zimekuwa zikilala, zikibonyezwa na uzito mkubwa, safari baada ya safari. Nikapanda nyuma, nikakuta udongo umejaa kwenye maungio yote ya bodi. Nilitoka na konzi ya udongo mkononi, nikamwonyesha mwenyewe na nikaionyesha benchi.

"Mzigo mwepesi! Mwalimu, umeanza biashara ya mchanga na hujatuambia?"

"Ni udongo tu wa shamba, Fundi."

"Udongo wa shamba na springi zimelala hivi? Hii si chini ya nusu tani."

"Huo udongo mimi naweka ili..."

"Usijitetee, Mwalimu. Hapa hakuna polisi." Nikampiga bega kwa mapenzi. Benchi ikacheka, na mmoja akasema ati walimu wakistaafu ndipo wanaanza utundu. Mwalimu Kosgei hakumaliza sentensi yake. Hakuimaliza, na mimi sikungoja aimalize. Nimerudi kwenye sentensi ile mara nyingi kuliko ninavyorudi kwenye maombi yangu.

Niliongeza leaf moja kila upande. Nilimwambia ni zawadi, kwa heshima ya wote waliotufundisha kusoma. Alisimama kando akizungusha kofia mikononi.

"Si lazima, Fundi," akasema.

"Mwalimu, niachie mimi. Hii kazi naijua."

Akaniachia. Nilipomaliza alisema, "Asante sana, Fundi," akaendesha polepole hadi langoni, akapita tuta kwa gia ya kwanza, gurudumu moja moja. Nakumbuka nilimcheka kwa uendeshaji wake.

Mahindi yalikuwa yakivunwa nilipokwenda Plateau kumwona dada yangu, aliyekuwa amelazwa kwenye hospitali ya misheni kwa ajili ya mguu. Nilipoingia uwanjani niliiona pickup ya Mwalimu kabla sijaona kitu kingine, kwa sababu fundi huijua kazi yake kwa nyuma yake. Ilikuwa imerudishwa kinyumenyume hadi kwenye baraza. Nikaenda kusalimia na, niseme kweli, kujisifu kidogo.

Kando zote mbili za bodi yalikuwa yamefungwa magunia ya udongo, sita kwa jumla. Katikati kulikuwa na godoro, na chini ya godoro majani makavu. Juu ya godoro alilala mama mmoja, amefunikwa blanketi mbili hadi kidevuni. Mwalimu Kosgei alikuwa amepiga magoti nyuma yake akimshika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni. Muuguzi wa kiume na nesi mmoja walikuwa wakileta machela. Mama hakuwa akilia. Alikuwa ameuma kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Mwalimu aliinua macho akaniona. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Yeye alinitambulisha.

"Mama Chebet," akasema, "huyu ndiye Fundi wetu wa springi."

Mama alitoa kitambaa mdomoni. Meno yake yalikuwa yameacha alama juu yake. "Karibu, Fundi," akasema, kwa sauti ndogo lakini ya adabu kamili, kana kwamba nimemkuta sebuleni. Kisha wakamhamishia kwenye machela, akarudisha kitambaa, wakamwingiza ndani.

Tulibaki wawili kando ya gari. Mwalimu aliniambia kwa kifupi. Ugonjwa ulikuwa umeingia uti wa mgongo. Mama hakuweza kuketi, hata kwa dakika tano, kwa hiyo hakuweza kupanda mbele. Kila wiki ilibidi aletwe kwa matibabu na kurudishwa, na nyumba yao ilikuwa mbali. Aliyeendesha gari siku hiyo alikuwa mpwa wake, kwa sababu yeye mwenyewe alilazimika kukaa nyuma ashike kichwa.

"Na huu udongo?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua. Nilitaka aseme ili iniume vizuri.

"Unakandamiza springi. Gari ikiwa na uzito, inaruka kidogo. Ukiweka gunia kumi inakuwa afadhali zaidi, lakini ile kilima ya murram inakataa kupanda." Alifikiri. "Baada ya zile leaf ulizoongeza, hata kumi haisaidii sana."

Niliegemea gari. Miezi yote ile nilikuwa nikisoma udongo ule kama ushahidi wa uongo wake, kumbe mtu huyu alikuwa akipigana na springi zangu kwa jembe na gunia, akibeba udongo mzima wa shamba kwenda hospitali na kuurudisha nyumbani, ili mke wake asitikiswe. Nilimuuliza swali la mtu mwenye hatia. "Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

"Uliniuliza nabeba nini, mbele ya watu," akasema. "Ningesema nini? Nabeba mke wangu?" Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Halafu, Fundi, mimi nimefundisha miaka mingi nikiwaambia wazazi, mwachieni mwalimu kazi yake. Ukasema nikuachie. Nikakuachia."

Sikuingia kumwona dada yangu siku ile. Nilirudi Eldoret nikiyatafuna maneno hayo njia nzima.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alileta gari kama nilivyomsihi. Niliwafukuza wote waliokuwa kwenye benchi. Nyinyi wakubwa mnakumbuka, mlidhani nimepata wazimu. Niliondoa zile leaf za zawadi, nikaondoa nyingine mbili kila upande, nikabaki na zile zinazotosha kubeba bodi na watu watatu. Nikabadilisha bushi, zile raba za maungio, zilizokuwa zimekufa, nikapaka grisi katikati ya kila leaf ili ziteleze. Kisha nikafanya jambo ambalo, katika miaka yangu yote ya springi, sikuwahi kulifanya hata mara moja. Nilipanda nyuma, nikalala chali juu ya bodi tupu, nikamwambia Mwalimu aendeshe hadi Pioneer na kurudi.

Ukilala huko nyuma huoni barabara. Unaona nyaya za umeme na mawingu, na hujui tuta linakuja lini. Mtu aliyeketi hujiandaa, aliyelala hupigwa. Kila shimo lilinifikia kwenye kisogo kwanza, kisha mgongoni, na hizo zilikuwa springi laini, na mgongo wangu ulikuwa mzima. Tuliporudi sikuinuka mara moja. Mwalimu alidhani nimeumia, akaja akachungulia. Nilimwambia bado, leaf ya pili inagusa, na tukaipunguza.

Kama wiki tatu baadaye pickup ilisimama langoni, Mwalimu akaniita. Walikuwa wakipitia mjini kuchukua dawa. Magunia ya udongo hayakuwepo. Mama Chebet alikuwa amelala kwenye godoro lake, kichwa juu ya mto, na hakukuwa na mtu aliyemshika. Nilisimama kando ya bodi nikiwa na spana mkononi.

"Wewe ndiye Fundi," akasema. "Siku ile sikukuona vizuri. Nilikuwa nafikiria uko mkubwa zaidi."

"Nimepungua, Mama."

Akatabasamu. "Wiki iliyopita nililala njiani. Usingizi kabisa. Mwalimu ndiye aliniamsha, akaniambia tumefika."

Hapo ndipo ningepaswa kumwomba msamaha. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyabeba tangu Plateau. Badala yake nilimweleza kwamba shokomzoba za nyuma zimechoka na nitatafuta nyingine. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ile ile, akasema sawa, Fundi, na Mungu akubariki. Wakaenda. Gari lilipita tuta la lango kama linapita juu ya nyasi. Nilijiambia nitamwomba msamaha safari ijayo.

Safari ijayo haikupita mjini. Mama Chebet alifariki kabla ya Krismasi. Nilikwenda mazishini nikasimama nyuma kabisa. Pickup ndiyo iliyomleta, na watu wengi mno walipanda nyuma pamoja na jeneza wakiimba, springi zangu laini zikalala hadi bodi ikakaribia gurudumu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuzilaumu.

Nimejaribu mara nyingi kupiga hesabu ya safari alizosafiri juu ya springi ngumu na zile alizosafiri juu ya laini. Za ngumu ni nyingi. Naambiwa na mke wangu kwamba ugonjwa ndio uliomuua, si mimi. Najua. Lakini ugonjwa haukuwa na namna nyingine, na mimi nilikuwa nayo, saa mbili tu za spana na jeki, na masikio yangu wakati huo yalikuwa bado yanasikia. Najuta, vijana. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo.

Mmelalamika siku nyingi kwamba benchi ya wateja niliihamishia kule langoni, juani, ambako mteja hawezi kuona wala kusikia kinachoendelea kwenye shimo. Mmeniita mchoyo wa kivuli. Sasa mmejua. Msiirudishe. Mteja akija, mleteni peke yake kando ya gari lake, mmuulize, kisha mnyamaze mpaka amalize sentensi. Punje za mahindi na udongo mtaviona baadaye, haviendi popote.

Mwalimu Kosgei alirudi mara moja tu baada ya hapo, mwezi wa pili, akiwa na koti lake na kalamu yake. Aliegesha, akashuka, akaja hadi kwenye shimo.

"Fundi," akasema, "rudisha zile leaf. Sasa ni viazi tu."

Nilifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kwa sababu sikuweza kumtazama. Nikamuuliza, "Gunia ngapi, Mwalimu?"

"Kumi na mbili."

Nikasubiri, kama kuna kingine. Hakikuwepo. Nikainama, nikachora mstari kwa chaki, na nikamfungia springi za gunia kumi na mbili.